Tone Lililoacha Duara

Mama mkwe wa mtuhumiwa alifika kituoni asubuhi, mjukuu mgongoni, kapu mkononi, na uso uliomfanya hata askari wa kaunta, bingwa wa kufokea watu, aamkie kwanza ndipo aulize shida. Ndani ya kapu mlikuwa na nepi, shuka kuukuu, na kidumu cheupe chenye kifuniko cha njano, kimejaa maji. Alisema anataka huyo amnyonyeshe mtoto, anywe maji, kisha yeye arudishiwe mjukuu wake aende zake. "Huyo" ndilo jina alilompa mke wa mwanawe tangu siku ya mazishi.

Inspekta alikipokea kidumu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakinusa, kama utaratibu wa kituo unavyotaka kwa kila kinachoingia mahabusu.

"Ni safi hicho," mama yule alisema. "Nimekiosha kwa mkono wangu. Na usifikiri namwonea huruma. Maji hayo ni ya maziwa ya mjukuu wangu."

Inspekta akakipitisha. Wenzake walimwita Kobe, kwa sababu hakujua kukimbia wala kukimbizwa. Mkuu wa kituo, ambaye alijua kukimbiza, alikuwa amemwita ofisini asubuhi hiyohiyo akamwambia kwamba kesho mwanamke yule anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Kama Kobe ana neno, alilete kabla ofisi hazijafungwa. Kama hana, asimpotezee mtu muda.

Na kusema kweli, kesi ilionekana imeshajimaliza. Marehemu, mzee ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Pumzi, alikuwa na karakana ya kutengeneza mashine na mitungi ya oksijeni ya hospitali. Mkamwana wake alifanya naye kazi. Mume wa mkamwana, mtoto wa pekee wa mzee, alikuwa ughaibuni kikazi na hata mazishi hakuyawahi. Siku ya ajali, mkamwana aliisafisha vali ya shaba, akaifunga kwenye mtungi, na mzee akaifungua kuijaribu. Moto ukatoka ndani ya vali ukamvaa kifuani na usoni. Alikaa hospitali siku chache, akafariki. Wachunguzi wa moto walisema vali ilikuwa na mafuta ndani, na oksijeni ya mtungi haina masihara na mafuta: ukifungua kwa presha, utando mwembamba tu unawaka wenyewe, bila kiberiti wala cheche. Vali alisafisha nani? Mkamwana. Basi, watu wakahesabu moja na moja wakapata mbili.

Kobe alimhoji mkamwana akiwa ananyonyesha, kiti chake kimegeuzwa kidogo kuelekea ukutani. Koplo wa Kobe, mtu mnene anayependa kesi fupi na chakula kirefu, alikaa mlangoni akitazama saa.

"Vali uliisafisha wewe?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa dawa." Pale karakana asetoni, kimiminika cha kuondolea grisi, waliiita dawa. Ile iliyo kwenye chupa ya kioo juu ya meza yake ya kazi, alieleza, na kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake akataja hatua zote: kutoa mipira kwanza kwa sababu dawa inaila, kuloweka shaba, kupangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kuloweka tena katika dawa mpya, kukausha, kutogusa kwa kidole kitupu. Hapo hakusita hata mara moja.

"Dawa hiyo ilitoka wapi?"

"Dukani."

"Nani aliileta?"

Mkamwana akamrekebisha mtoto begani, ingawa mtoto alikuwa ametulia. Akamfunika miguu. Akamfunua.

"Andika nililetewa na miguu yangu," alisema mwishowe. "Andika mimi."

Kobe hakuandika. Mtu anayesema ukweli husema nilifanya hivi na vile. Huyu alikuwa anachagua cha kuandikwa. Alifunga kalamu, akamshukuru, akamwambia koplo watoke.

Karakana ilikuwa mtaa wa pili, chumba kirefu chenye dirisha kubwa na harufu ya kuungua ambayo bado haijataka kuondoka. Mlango wa pili alikaa fundi cherehani, shahidi mkuu wa koplo. Mama huyo alikuwa ameshasema, na akarudia kwa raha zake zote, kwamba alimsikia mkamwana kwa masikio yake akimwambia mzee, "Iko siku kitu hicho kitakulipukia usoni."

Koplo alimtazama Kobe kwa jicho la nilikwambia. Kobe akamuuliza fundi cherehani mzee alikuwa anafanya nini wakati huo. Mama akasimamisha mguu kwenye cherehani, akafikiri. Alikuwa anafungua mtungi, alisema, amesimama mbele yake kabisa, bila miwani ya kazi, tabia yake hiyo. Na mkamwana alisema kwa sauti gani?

"Sauti gani tena? Mkamwana atamfokeaje baba mkwe wake? Alisema ameinama, kama mtu anayeomba."

"Kwa hiyo alikuwa anamwonya."

Fundi cherehani akasema kwamba polisi wa kwanza hawakumuuliza hivyo. Koplo, ambaye ndiye polisi wa kwanza, aliona ghafla kuna jambo la muhimu kule ndani ya karakana.

Huko ndani alikuwa na karata yake ya pili. Chini ya meza ya mkamwana, kwenye kona, kulikuwa na chupa ya mafuta ya taa. Kwa koplo hiyo ilitosha: kasafisha kwa mafuta ya taa, vali ikabaki na mafuta, mzee kaungua, twende tukale. Kobe alipiga magoti, na magoti yakalalamika. Kati ya shingo ya chupa na mguu wa meza buibui alikuwa amejenga, tena si jana. Nzi wawili wakavu walining'inia humo. Hakuna mkono uliopita hapo kwa muda mrefu. Alimwonyesha koplo, na koplo akasema chakula kinaweza kusubiri.

Kilichomshughulisha Kobe zaidi kilikuwa kioo. Juu ya meza, kwenye msumari, kilining'inia kioo kidogo cha duara, cha mkono.

"Cha kujipodolea," koplo alisema. "Wanawake, afande. Hata karakana."

Kobe alijaribu kujitazama. Alilazimika kuinama mpaka kidevu kikagusa meza, na hata hapo aliona sikio tu. Kioo kilitundikwa chini mno na kuinamishwa kuelekea dirishani. Kando yake, ndani ya bilauri, kulikuwa na kile kimpira cha kudondoshea dawa ya macho, kikavu na safi. Meza yenyewe haikuwa na dawa yoyote ya macho. Alivifunga vyote viwili pamoja na ile chupa ya kioo yenye asetoni, akamtazama koplo, akasema wanakwenda kwa mkemia.

Mkemia wa serikali alikuwa mama mwenye sauti nzito na subira nyembamba. Alishaipima sampuli ya asetoni ile, alisema, na jibu lake liko palepale: ni asetoni. Wanataka nini tena? Kobe alitaka kujifunza. Aliuliza, kama mwanafunzi wa nyuma ya darasa, kwa nini mtu achague asetoni na si kitu kingine, maana nyumbani kwake yeye kila chenye mafuta husuguliwa kwa mafuta ya taa.

Hilo lilimlainisha mkemia kidogo, kwani watu wa aina yake huulizwa majibu tu, sababu hawaulizwi. Mafuta ya taa, alieleza, huondoa grisi kweli, lakini huacha grisi yake. Spiriti ya rangi huacha rangi. Petroli ya gari imetiwa vitu vyake. Thina ni mchanganyiko anaoujua aliyeuchanganya tu. Sabuni na maji ni vizuri, ila maji hujificha kwenye nyuzi za skrubu.

"Watu huuliza nini kinaondoa uchafu," alisema. "Karibu kila kitu kinaondoa uchafu. Uliza chenyewe kinaondokaje. Asetoni ikiwa safi inaruka, haiachi kitu."

Kobe akaweka kioo na kile kimpira mezani. Mkemia alivitazama, akacheka kwa mara ya kwanza. Hivi, alisema, ni vya mtu makini sana. Unadondosha tone juu ya kioo, unaliacha likauke, unainamisha kioo kwenye mwanga wa dirisha. Usipoona kitu, dawa ni nzuri. Ukiona alama, usiisogeze karibu na oksijeni.

"Tuone basi," Kobe alisema.

Mkemia alidondosha tone kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Likatanuka, likapotea, na kioo kikabaki kama kilivyokuwa. Akadondosha tone kutoka kwenye chupa ya karakana. Nalo likatanuka, likakauka. Alipokiinamisha kioo, wote watatu waliliona duara, jembamba, lenye rangi za mapovu ya sabuni. Mkemia alilipitishia kidole. Kidole kikanata.

Alikiweka kioo mezani. "Mliniuliza ni kitu gani," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hamkuniuliza kimebeba nini. Lakini ilinipasa nijiulize mwenyewe."

Haikuwa grisi ya mashine wala mafuta ya taa, kwa jinsi ilivyonata. Ilikuwa kitu cha jikoni au cha mwilini, alisema, na jibu kamili lingehitaji siku kadhaa. Siku kadhaa Kobe hakuwa nazo.

Garini koplo alikuwa na hoja, na safari hii haikuwa mbaya. Kama mwanamke huyu ana kioo cha kupimia, alijua dawa ina mafuta. Kama alijua, aliitumia makusudi. Kwa hiyo kioo hakimsaidii, kinamfunga. Kobe alikubali kwamba hoja ina uzito. Alisema tu kwamba dawa ina safari yake, na hawajaitembea yote.

Duka la kemikali lilikuwa nyuma ya soko. Muuzaji, mzee mwenye aproni ya mpira, aliuza asetoni kwa kipimo kutoka kwenye pipa lenye bomba, na mteja alikuja na chombo chake. Kobe aliomba tone moja la pipani. Muuzaji alidhani anatuhumiwa kuchakachua, akakunja uso, lakini akafungua bomba. Tone likakauka juu ya kioo bila kuacha kitu. Basi mafuta yaliingia baada ya bomba hili na kabla ya chupa ya karakana. Hapo katikati palikuwa na chombo kimoja na mikono ya mtu.

Fundi Pumzi alikuja siku zote mwenyewe, muuzaji alisema, na kopo lake la bati asiloligusisha kitu kingine. Ila mara hii ya mwisho alituma mtu, eti kopo limetoboka. Alimkumbuka mtu huyo? Angemsahauje.

"Mama mtu mzima, mtoto mgongoni. Nikamuuliza kama chombo ni safi. Alinikata jicho, mpaka leo nalisikia. Akaniambia kakiosha kwa mkono wake, kwa maji ya moto na sabuni, na kama nina wasiwasi nikilambe."

"Chombo gani?"

"Kidumu tu. Hivi vya mafuta ya kupikia, vyeupe. Kifuniko cha njano."

Kobe aliomba kiti. Koplo alidhani ni magoti, akamletea. Kobe alikuwa amekishika kidumu hicho asubuhi ileile, akakinusa, akakipitisha kwa mahabusu. Mama yule alikuwa amekiosha kweli, kwa macho ya jiko kilikuwa safi kabisa, na maji yangekaa humo mwaka mzima bila kuonyesha kitu. Lakini asetoni kazi yake ni kutafuta mafuta. Iliingia kwenye kidumu, ikayafuata yaliyojificha kwenye plastiki na kwenye nyuzi za kifuniko, ikayabeba mpaka karakana, ikayapaka kwenye vali, kisha yenyewe ikaondoka.

Aliporudi kituoni alimkuta mkamwana amekaa vilevile, mtoto amelala. Kobe aliweka kioo mezani. Mwanamke alikitazama kioo chake, akaanza kulia bila sauti, machozi yakidondokea shuka ya mtoto.

Alisema alielewa usiku wa kwanza wa mahabusu, alipokuwa akirudia hatua zake moja moja. Siku ile mama mkwe alileta dawa, akaimimina kwenye chupa ya kioo, akakaa pale kwenye benchi kungoja kidumu chake kikauke, kwa kuwa kidumu ni chombo, hakitupwi. Mkamwana alimuuliza mara moja: Ni safi, mama? Akajibiwa: Safi kabisa. Kila dawa mpya ilipoingia aliweka tone kiooni kabla ya kuigusa. Siku ile hakuweka.

"Alikuwa amekaa hapo ananitazama," alisema. "Ningeweka tone kiooni mbele yake, ningekuwa nimemwambia mama mkwe wangu kwamba ni mchafu. Nikaona haya. Haya tu, afande. Baba amekufa kwa haya yangu."

Koplo, pale mlangoni, alikuwa ameacha kutazama saa.

Kobe alimweleza kwamba huo ni uzembe pengine, hakimu ataamua, lakini si kuua kwa kukusudia. Ila ili aweze kusema hivyo lazima akipime kile kidumu, na mwenye kidumu lazima ajue kwa nini. Mkamwana alimshika mkono wa shati. Alimwomba amwandike yeye. Kifungo atakibeba. Mama amezika mume. Asiambiwe kwamba alimuua kwa mkono wake.

"Nisipoweka tone hilo, kesho unakwenda kujibu kesi ya kuua."

"Niende."

"Na huyu?" Kobe alimwonyesha mtoto kwa kidevu.

Mkamwana alimtazama mtoto. Akauachia mkono wa shati.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la korido, kapu miguuni, kidumu kimesharudishwa humo, akilalamika kwa askari wa kaunta kwamba wamemweka mjukuu wake ndani kutwa nzima. Kobe alimwamkia tena, akakaa kando yake, akaomba akiangalie kidumu. Mama alisema ameshakiangalia asubuhi, au macho yake yana matatizo? Akampa. Kobe aliyamwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo, akakikung'uta mpaka kikakauka. Kisha akatia ndani asetoni kidogo aliyopewa na mkemia, akakifunga, akakitikisa polepole, akakifungua. Kwa kile kimpira akavuta, akadondosha tone moja juu ya kioo, mbele ya macho ya mama mwenye kidumu.

"Hicho si kioo cha huyo?" mama aliuliza. "Unafanya nini?"

"Nafanya alichotaka kufanya siku ile ulipompelekea dawa. Akaona haya, kwa sababu ulikuwa umekaa pale."

Tone lilikauka. Kobe hakukiinamisha kioo. Mama alikichukua mwenyewe. Alikipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku, mpaka duara likaonekana. Akalipitishia kidole gumba, akakisugua kwenye kidole cha shahada, akakipeleka puani. Mikono ile ilikuwa imepika maisha yake yote, na haikuhitaji mkemia.

"Haya ni mafuta ya kupikia," alisema.

Kisha akakitazama kidumu, akakitazama kwa muda mrefu, na Kobe akamwona anafika kwenye ukweli. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayeogopa benchi halipo. Alisema tu kwamba alikiosha. Alikiosha kwa maji ya moto. Kobe akasema anajua, na kwamba jikoni kwake kilikuwa safi, hakuna ambaye angekiosha zaidi ya vile.

"Huyo alijua?" mama aliuliza.

"Alijua tangu usiku wa kwanza."

"Na hakusema."

"Hakutaka ujue. Amesema nimwandike yeye."

Mama alifuta kidole chake kwenye nguo, akakifuta tena, na bado akaendelea kukifuta. Ndani ya chumba cha mahojiano mtoto aliamka akaanza kulia. Mama akainuka. Kidumu alikiacha pale kwenye benchi, akaenda mpaka mlangoni. Koplo, bila kumtazama Kobe kuomba ruhusa, akampisha. Mkamwana alisimama mara moja, mtoto kifuani, macho chini, kama mtu anayengoja kupigwa.

Mama mkwe alinyoosha mikono kumpokea mtoto, kisha akairudisha, akaitazama.

"Mwanangu," alisema, "niangalizie mikono hii kama ni safi, nimshike."